Yale Waceke Alimwambia Idah

Ruiru, 1957

Basi Kagwe mwanangu, huyo Idah akakataa kabisa kuniambia. Ni yule mama wa maendeleo, anakuja hapa kila Alhamisi kupima watoto na kugawa maziwa ya unga. Bibi yako Waceke aliingia kwake wakafunga mlango, wakakaa mpaka githeri yangu ikashika sufuria. Nikataka kujua wanasema nini. Nikampelekea Idah mayai sita.

Akasema, “Mama, rudi na mayai yako. Maneno ya Waceke ni ya Waceke.”

“Na mimi si ndiye mama mkwe?”

Akacheka tu. Mbuzi amezaa, nisisahau, wawili, mmoja ana masikio kama ya babako.

Sasa hiyo kunyamaza kwake ilinisumbua siku tatu. Halafu nikafikiri, kama ya Waceke hatoi, hata yangu hatatoa. Nikaenda, nikafunga mlango mimi mwenyewe. Nikamwambia mtoto wako haongezi uzito kwa sababu maziwa yake mimi natia kwa chai yangu. Ni tamu sana, Kagwe.

Hakunigombeza. Akasema, “Mimi sitasema. Lakini mtoto ana njaa, mama. Waceke atasikia kutoka kwa nani?”

Hii barua ni yeye Idah ananiandikia. Mpaka leo sijui Waceke alimwambia nini.

Huyo Waceke ananiita, ati chai iko tayari. Wacha niende nimwambie yangu iwe strungi, bila maziwa, na nimwambie sababu. Idah, weka jina langu hapo chini.

Mama yako, Ngendo