Nimefungiwa Nje

Jumatatu, 3 Machi

Kaka amepita mchana. Hakukaa. Kaka akija asikae, ujue kuna jambo.

Jambo lenyewe: mwisho wa mwezi. Kama tovuti haijaleta watu hadi hapo, chumba cha karakana anapewa muuza mapazia wa jirani, avunje ukuta apanue duka. Haya. Chumba ni cha kaka, Baba alimwandikia. Mimi nikaachiwa vifaa na mashine ya kuchonga funguo. Sijui nani alimwambia Baba kwamba vifaa vinakaa hewani.

Nikamwonyesha simu. Ukiandika jina la karakana, tunatokea wa kwanza! Kaka akasema anayejua jina la karakana si anajua na mahali ilipo, tovuti ya nini tena? Huwa inaniudhi akisema kweli.

Jumatano, 5 Machi

Nimemwita Miwani. Tumesoma pamoja, tangu zamani miwani ni mikubwa kuliko uso, sasa anatengenezea watu tovuti. Akakaa kwenye stuli ya wateja, akamaliza biskuti zangu zote, ndipo akafungua kompyuta.

"Kichwa cha ukurasa wako kimeandikwa 'Mwanzo'. Mwanzo wa nini?"

Sijui. Kilikuja hivyo hivyo.

Akaendelea kusoma, kwa sauti ya mtangazaji: "Suluhisho la kisasa la usalama wa malango yako." Sentensi hiyo niliitolea jasho. Akaniuliza mtu aliyekwama nje ya mlango wake, mkojo umembana, ataandika suluhisho la kisasa? Nikacheka nikiwa nimenuna.

Anasema kosa langu ndilo la wote wanaoanza: tunaandika maneno yetu, wateja wanatafuta kwa maneno yao, hatukutani. Dawa: nisikilize. Mteja akiingia, neno lake la kwanza ni lipi? Na akipiga simu nimuulize katupataje, kaandika nini.

Alhamisi, 6 Machi

Nimesikiliza.

"Dada, ufunguo umenikatikia ndani."

"Mtoto kajifungia chooni, anaimba, hana hata habari."

"Nimefungiwa nje." Huyo alikuwa na taulo kiunoni.

Hakuna aliyesema usalama. Kitasa chenyewe hawakitaji, wanasema mlango umegoma.

Jumatatu, 10 Machi

Nimeandika upya. Kila tatizo na ukurasa wake. Kichwa: "Umefungiwa nje? Fundi wa vitasa anakuja ulipo." Chini yake mistari miwili ya maelezo, ile inayoonekana kwenye matokeo kabla mtu hajabofya.

Halafu nikajifanya mjanja. Chini ya ukurasa nimeandika nimefungiwa nje nimefungiwa nje fundi kufuli fundi kitasa fundi mlango, kama mara mia, herufi nyeupe juu ya weupe. Mtu haoni, mashine inaona. Nilijiona nina akili sana.

Miwani ametuma ujumbe wa sauti. Neno moja: "Futa!" Baadaye akatuma mwingine mrefu. Mtambo wa kutafuta umeshakutana na wajanja wa kila namna, ukikukamata unakusukuma nyuma kabisa. Niandike kama naongea na mtu. Na zile picha nizipunguze, ni nzito, ukurasa unafunguka kwa kujivuta. Na kila moja niipe jina la kitu kilichomo, siyo tarakimu za kamera.

Nimefuta. Nimepunguza. Picha ya kwanza sasa inaitwa ufunguo-umekatikia-ndani. Baba angecheka.

Ijumaa, 14 Machi

WA KWANZA! Nimeandika "nimefungiwa nje" kwenye simu yangu, tukatokea juu kabisa. Nimepiga kelele, tupa ya kusugulia funguo ikaanguka, mteja akashika moyo. Nikampigia shangazi, dada yake Baba. Naye akapiga kelele.

Baadaye. Miwani kanimwagia maji. Simu yako inakujua, anasema. Unaingia humo kutwa nzima, unadhani itakupa nini? Tafuta kwa simu ya mtu mwingine.

Nimeazima ya muuza mapazia. Ukurasa wa kwanza hatumo. Wa pili hatumo. Wa tatu sikuufungua. Muuza mapazia akauliza natafuta nini. Nikasema vitambaa. Akafurahi, akanionyesha vyake.

Jumanne, 18 Machi

Mchoro unaohesabu wageni wa tovuti umesimama wima. Nimeutazama kwa raha, chai ikapoa. Kisha simu ikalia: mwanamke, sauti imebanwa na leso, ufunguo umemkatikia mlangoni, mtaa ule ule wa shangazi, aje mtu haraka. Nikabeba begi. Nikakimbia.

Shangazi. Mlango wazi, yeye amekaa kibarazani.

"Nilitaka kuona kama kweli unakuja, mwanangu. Umekuja upesi. Hongera!"

Ndipo yakatoka yote. Tangu Ijumaa anauamsha ukoo mzima kwenye kundi la simu: jamani, tumbofyeni mtoto wetu! Wanabofya. Wakishapiga mswaki wanabofya. Na ameandika maoni, nyota zote tano: "Ni hodari tangu mdogo, ana heshima, hata kupika anajua." Kuhusu vitasa hakuna neno.

Miwani hakucheka, nikaogopa. Wanaingia na kutoka papo hapo, anasema, hawasomi, hawapigi simu. Hizo hesabu ni za uongo, haziniambii kitu kuhusu wateja wa kweli. Na maoni ya ndugu ni udanganyifu, yaondolewe.

Nimemwomba shangazi anisaidie kwa kutonisaidia. Amenuna. Anasema hajawahi kusikia mtu aliyeharibiwa kwa kupendwa.

Ijumaa, 21 Machi

Duka la vifaa vya ujenzi wameweka kiungo chetu kwenye tovuti yao. Wenyewe walisema wananitumia wateja kila siku kwa mdomo, kuandika kuna ubaya gani? Miwani anasema kiungo kimoja cha hivyo kinazidi ukoo mzima wa shangazi.

Karakana iko kwenye ramani sasa, na saa za kazi. Nimechukua laini mpya, ya tovuti tu. Nimejifunza kuipokea kwa sauti nzuri. Miwani anasema naongea kama tangazo la benki.

Sasa nifanye nini? Usubiri, anasema. Mtambo hausomi kwa siku moja, ni wiki, pengine miezi. Nimemwambia mimi miezi sina.

Jumatano, 26 Machi

Kaka amekuja. Amekaa! Shangazi alimtumia picha ya ule mchoro, aliyoipiga kwenye simu yangu ulipokuwa umesimama. Kaka akasema haya, umenishinda, mdogo wangu, nitamwambia muuza mapazia atafute pengine. Akaomba na chai.

Ningenyamaza tu. Kunyamaza ni kazi rahisi.

Nikamwambia. Wale ni shangazi, wajomba na watoto wa wajomba. Wewe mwenyewe uliambiwa ubofye. Akakiri, alibofya.

Kwa nini nimesema? Sijui. Nadhani nisingeweza kukaa kwenye kiti cha Baba kila siku nikijua uongo wa ule mchoro.

Kaka akaweka kikombe chini. "Basi nionyeshe mmoja. Mtu mmoja aliyeandika shida yake, akakukuta wewe, akakupigia. Na asiwe wa ukoo." Akaondoka, chai nusu.

Naogopa. Niandike tu, hakuna anayesoma.

Jumamosi, 29 Machi

Laini ya tovuti imelia! Ni mzee, mteja wa Baba wa zamani. Umetupataje? Binti yake kampa namba. Uliandika nini? Kaandika nini wapi, akaniuliza, yeye hajaandika kitu.

Nimemchongea ufunguo wake. Hahesabiki.

Jumatatu, 31 Machi

Muuza mapazia yuko ndani tangu asubuhi na futi yake. Anapima dirisha. Ana adabu, anaomba radhi kila akinipita. Ameuliza kama mashine ya funguo inabaki. Nimesema mashine ni yangu. Akasema aa.

Nimetafuta kwa simu yake, mara ya mwisho. Aliniachia bila kuuliza. "Nimefungiwa nje." Tumo. Ukurasa wa kwanza, kwa chini, lakini tumo! Nikamrudishia simu. Sikumwambia mtu. Nikaendelea kupanga tupa kwenye boksi.

Laini ya tovuti ikalia. Nikatoa sauti ya benki.

"Habari, fundi. Nimefungiwa nje. Mlango umejibana, funguo ziko ndani, simu iko ndani, hii nimeazima kwa jirani. Unaweza kuja haraka?"

Kaka.

Hajanijua. Anahema, amekasirika, anakitukana kitasa. Akaanza kunielekeza kwake, pita kushoto, geti la kijani. Geti hilo kitasa nilikifunga mimi.

Nikamwacha amalize. Kisha nikauliza ninachowauliza wote, kwa sauti ile ile: umetupataje, uliandika maneno gani?

"Niliandika nimefungiwa nje, nikabonyeza namba ya kwanza iliyosema inakuja. Kwani mna..."

Akaacha kuhema.

Kisha polepole: "Ni wewe?"

Ni mimi, kaka.

Muuza mapazia ameacha kupima. Nimeiweka simu kwenye kaunta, spika wazi, naandika hapa hapa pembeni yake ili nisicheke. Kaka ameshusha sauti. Anasema njoo unifungulie, mengine baadaye.

Nimemwambia begi liko tayari. Ila kwanza aniambie: huyu mmoja wa leo, anahesabika au ni wa ukoo?

Namsikia anatingisha mlango.