Ncha ya Pili ya Shuka

Salvador, Machi 3, 2009

Mwanangu Juci,

Mungu akubariki na akulinde. U hali gani huko São Paulo? Kifua kimepona, au bado unalala na soksi mbili? Mimi mzima, isipokuwa nyonga ya kushoto, ambayo siku hizi inatabiri mvua vizuri kuliko redio. Genivaldo anakusalimu. Bado ananipigia ngoma darasani, bado anachelewa, na bado lawama zote ni za dereva wa basi.

Nina shida, mwanangu, na sina wa kumwambia ila wewe niliyekupakata siku ya ubatizo. Shule ya dansi imebadili utaratibu. Sisi walimu wa mkataba wa mwaka mmoja mmoja, ama tuajiriwe moja kwa moja ama tuondoke. Anayetaka kubaki awe na shahada, au alete maandishi yanayoonyesha kwamba kuna kitu amekibuni mwenyewe katika kufundisha dansi. Shahada sina, unajua niliishia darasa la saba. Nimefundisha pale miaka ishirini na sita. Genivaldo akaniambia, "Leuza, waambie waisome nyonga yako, yote yameandikwa humo!" Nikacheka, halafu nikaenda chooni nikalia.

Ndipo nikakukumbuka wewe. Kitabu chako cha shahada ya udaktari kinahusu lile zoezi letu la kukamua shuka, ambalo nasikia sasa linafundishwa hadi huko. Niandikie barua moja tu yenye muhuri wa chuo, useme zoezi lile limetoka kwa nani. Mwisho wa kupokea ni Mei 31.

Mama yako wa ubatizo,
Leuza


São Paulo, Machi 30, 2009

Mama mpendwa,

Naomba baraka yako. Hujambo? Na nyonga je? Mimi nashukuru, kifua kimetulia. Nisamehe kwa kuchelewa. Tunaandaa onyesho la Agosti, na mtunzi wa dansi ni mimi. Ni mara ya kwanza wananiachia jukwaa kubwa. Katika idara nzima hapa chuoni weusi ni mimi na dada anayepika kahawa, kwa hiyo nikijikwaa hata kidole, wote wanaona.

Kuhusu barua, nitaangalia namna ya kuiandika. Mambo ya chuo yana taratibu zake. Kitabu usihangaike kukitafuta, kimejaa lugha ngumu isiyo na ladha. Nimekutumia kitambaa cha kichwa, cheupe, kwa ajili ya Ijumaa zako za kanisani.

Binti yako,
Juci


Salvador, Aprili 19, 2009

Mwanangu Juci,

Mungu akubariki. Hujambo, na maandalizi yanaendeleaje? Kitambaa kimefika. Nilikivaa Ijumaa nilipopanda kanisani Bonfim, na nikakuombea nikiwa nacho kichwani.

Juci, nimekisoma. Uliniambia nisihangaike, lakini dada wa maktaba alinipa meza karibu na dirisha, nikaenda alasiri tatu na miwani yangu. Lugha ni ngumu kweli. Ila ukurasa wa 112 niliuelewa wote. Umeandika kwamba wafua nguo wa ziwa la Abaeté walikuwa na mwendo wa kukamua, na wewe ndiye uliyeugeuza kuwa zoezi la dansi. Chini kabisa, kwa maandishi madogo, yuko "E., mwanamke wa makamo, mkazi wa mtaani", aliyekusimulia habari za zamani. Huyo ni mimi, Edileuza.

Nikamuuliza yule dada, "Huyu E. amefichwa jina kwa nini?"

"Ni kawaida, mama. Ni kumlinda mtu."

"Kumlinda na nini?"

Akaenda kupanga vitabu.

Mama yangu alifua nguo ziwani miaka arobaini. Mgongo wake haukuwahi kucheza, uliuma tu. Jioni alilala kifudifudi, tukamsugua mafuta. Zoezi lilizaliwa uani kwangu mwaka 1987, nilipoanguka jukwaani nyonga ikateguka na daktari akaniambia nisahau dansi. Kila asubuhi nikawa nakamua shuka, kiuno huku, mabega kule, huku nahesabu, mpaka siku moja nikaona mgongo umeanza kunitii. Na shuka zito halikamuliwi na mtu mmoja. Ncha ya pili ilishikwa na mtoto wa miaka tisa aliyekuwa akipiga kelele, "Mama, usivute, nitaanguka!" Je, naye umemwandika wapi?

Sikukasirika, mwanangu. Hapo nimedanganya kidogo, Mungu anisamehe. Lakini zimebaki wiki sita. Andika.

Mama yako wa ubatizo,
Leuza


São Paulo, Juni 11, 2009

Mama,

Natumaini u mzima. Nimeandika nikachana, nikaandika nikachana, na tarehe imepita, najua.

Nilipokuwa naandika kile kitabu, msimamizi wangu aliniambia, "Yote haya ni ya mama yako wa ubatizo. Ya kwako yako wapi?" Nilikuwa nimemaliza miaka minne ya ufadhili na sikuwa na la kwangu. Nikajiambia sikuibii, nakuficha tu. Leo nikiandika kwamba zoezi ni lako, wataniuliza kwa nini sikusema wakati ule. Kazi itaniponyoka, na onyesho la Agosti pia. Wala hawatamchukua msichana mwingine mweusi baada yangu. Watasema walishajaribu.

Humu ndani nimeweka barua yenye muhuri. Nimesema wewe ni mwalimu mwenye moyo, na kwamba zoezi la kukamua unalifundisha kwa uaminifu mkubwa. Huenda wakaipokea. Ndiyo yote ninayoweza.

Juci


Salvador, Julai 2, 2009

Mwanangu Juci,

Safari hii hukuomba baraka, na hukuandika "binti yako". Nakupa hivyo hivyo: Mungu akubariki. Unakula? Unalala?

Faili nililipeleka kabla ya Mei 31 bila barua yako, na kamati ya shule iliniita Juni 26. Watu watatu. Barua yako ilikuwa mkobani na sikuitoa. Mwenyekiti, mama mmoja mwenye sauti ya upole, akafungua faili langu. "Bi Edileuza, hili zoezi tunalijua. Ni la Daktari Jucimara. Wewe ulijifunzia wapi?"

Genivaldo, niliyekwenda naye kama mpiga ngoma wangu, akainuka. "Alijifunzia wapi? Kwenye beseni, mama! Kwenye beseni!" Nikamvuta shati akaketi.

Nilikuwa nimebeba shuka ndani ya ndoo, limelowa chapachapa. Ncha moja nikampa kijana wa kamati, yule mwenye shahada zote. Akakamua kwa mikono, mabega juu kama anafungua mtungi wa gesi, maji yakamwagikia viatu. Genivaldo akaanza kupiga meza kwa viganja. Nikamwambia yule kijana, "Iache mikono, baba. Anza na kiuno. Mimi nikienda huku, wewe nenda kule." Mara ya nne mgongo wake ukaelewa. Akaniangalia kama mtu aliyeitwa jina lake. Mwenyekiti naye akavua viatu akaomba kujaribu.

Halafu wakaketi, nikawasimulia ya uani mwaka 1987, nao wakasema ukweli wao. Wameona, wameamini, ila shuka haliingii kwenye faili. Wameniongezea muda hadi Julai 31. Wanataka mstari mmoja ulioandikwa na yule aliyeshika ncha ya pili mwaka 1987.

"Yuko hai?" mwenyekiti akauliza.

"Yuko hai."

"Anaitwa nani?"

Nikawaambia waandike: J., mtoto, mkazi wa mtaani, miaka tisa.

Barua yako nairudisha humu. Unachokiogopa ni cha kweli, sikucheki. Nikikosa kazi nitafundisha katika ukumbi wa parokia, na Genivaldo atachelewa huko pia. Jina lako silitaji mimi. Ukitaka litajwe, utalitaja wewe.

Posta inachukua siku sita kuja na sita kwenda. Nakuomba unijibu mapema, hata kama jibu ni hapana.

Mama yako wa ubatizo,
Leuza