Yai Ndani ya Uji wa Baba

Jumatatu, 6 Machi

Sijamwambia mtu yeyote, nakuambia wewe tu: namlisha Baba mayai bila yeye kujua.

Yai moja kila asubuhi. Nalipiga mpaka litoe povu, nalikoroga kwenye uji, kisha nakamulia ndimu kuua shombo. Baba anakunywa. Tena ananishukuru!

Bati lilimkata muundi huko karakana, kabla sijafanya mtihani wa mwisho. Shule nimemaliza, kidonda bado kiko wazi. Shangazi, dada yake mkubwa, ndiye mwenye jiko tangu Mama afariki. Amepiga marufuku mayai, nyama, maharage. Ati vinachimba kidonda. Mumewe alipopasuliwa alikula mayai, mshono ukaachia, akafa. Nani atabishana na mjane? Baba mwenyewe amekubali — uji mtupu na chumvi.

Jumatano, 8 Machi

Kliniki. Nesi alipofungua bendeji nilitazama ukuta. Kisha nikajilazimisha. Kidonda kimepauka kama nyama iliyolowekwa majini.

Nesi akanivuta pembeni. Huyu anakula nini? Nikanong'ona. Akaguna. Nyama mpya haitoki hewani, alisema. Mwili usipopewa chakula cha kujenga unajila wenyewe, ndiyo maana mapaja yamekwisha. Dawa peke yake haitoshi. Tarehe ishirini daktari ataangalia. Kisipobadilika, watakata chini ya goti.

Eti wakate! Baba anachomelea mageti, anachuchumaa kutwa nzima.

Jioni nilijikaza. "Shangazi, nesi anasema..." Akanikatiza: "Asiyesikia la mkuu huvunjika guu."

"Langu limeshaoza, dada," Baba akasema, "ndiyo kwanza naanza kusikia!"

Wakacheka mpaka Shangazi akajifuta machozi. Mimi nikaenda kuosha vyombo. Mdomo huu! Ungekuwa mlango ningeuvunja.

Ijumaa, 17 Machi

Kingo zimekuwa nyekundu! Nesi aligusa kidogo, damu ikachuruzika, akatabasamu. Damu ni dalili njema, kumbe. Lakini bado kabisa, akasema. Msilegeze hata siku moja, huenda daktari akaweka kisu chini.

Nyumbani Shangazi alipiga vigelegele. "Mmeona? Uji mtupu!" Kisha akatangaza kwamba kuanzia kesho atapika uji mwenyewe, mwepesi zaidi, tumalizie uchafu uliobaki kidondani. Hakuna kugusa sufuria yake.

Baba akaitikia. Nikafungua mdomo. Akanishika mkono: "Mwanangu, katika nyumba hii ni wewe tu hujawahi kunidanganya."



Jumamosi, 18 Machi

Asubuhi. Shangazi ameniwahi jikoni. Anakoroga huku akiimba — sijamsikia akiimba tangu azikwe mumewe. Anampenda Baba. Hapo ndipo ninapokwama.

Naandika nimesimama nyuma ya mlango, yai liko mfukoni mwa gauni.

Nimejaribu maneno. Shangazi, samahani. Shangazi, si uji. Nikisema, Baba hatapokea tena hata maji kutoka mkononi mwangu. Nisiposema, uji mtupu utapigiwa vigelegele mpaka mguu uondoke.

Ananiita. "Wewe binti! Mpelekee babako, ungali moto!"

Abee, Shangazi, nakuja.

Kutoka jikoni hadi kitandani kwake kuna ukumbi tu, na ukumbini hakuna mtu. Kijiko ninacho.

Tafadhali. Nimekuambia wewe peke yako. Usimwambie mtu.