Siku Niliyoifungua Kompyuta Mwenyewe

Ijumaa jioni. Mvua imenyesha tangu saa nane na Kakamega yote ni matope. Viatu vimelowa, mgongo unauma, na bado natabasamu peke yangu.

Wacha niandike kabla sijapoa.

Asubuhi mteja wangu Everlyne alifika kwenye kiduka changu cha kuchapa. Kesho wanamzika mama yao huko Khwisero. Wasifu wa marehemu tulikuwa tumeshauandika, yeye akisimulia, mimi nikichapa, siku mbili nzima, maana ndugu zake walikuwa wakibishana kwa simu kuhusu majina ya wajukuu. Zilibaki picha tu, ambazo leo alizileta kwenye flashi.

Nikaichomeka. Kimya. Nikaihamishia tundu jingine. Kimya. Ndipo nikaona kipanya hakisogei, taa za kibodi zimezimika, na printa haionekani kwenye skrini. Nikazima, nikawasha. Skrini ilikuja vizuri, lakini matundu yote ya USB yalikuwa yamekufa, ya mbele na ya nyuma. Wasifu ulikuwa mle ndani na sikuwa na njia ya kuutoa.

Nilimwita fundi wa jengo la pili. Akachomeka kipanya chake, akatikisa kichwa.

"Hiyo huwanga ni motherboard, madam. Ikikataa imekataa. Ngoja wiki ijayo nikutafutie ingine."

Everlyne akaketi kwenye benchi. "Wiki ijayo mama atakuwa kwa udongo," akasema, kama anayejiambia mwenyewe.

Nikiri jambo. Tangu mume wangu afariki na kuniachia hii kazi, miaka sita sasa, sikuwahi kuifungua hiyo kompyuta. Nilikuwa napangusa vumbi la nje tu. Ya ndani yalikuwa yake.

Fundi alipoondoka nikachukua simu, nikasoma mtandaoni. Mtu mmoja alieleza kwamba tundu moja likiharibika na vyuma vyake vikagusana, motherboard, ule ubao mkuu wa ndani, inaweza kukata umeme wa matundu yote ili isiungue. Nikamulika tundu la mbele kwa tochi. Kile kiulimi cha ndani kilikuwa kimevunjika, vyuma vimelaliana.

Aliyekivunja ni mimi.

Asubuhi nilikuwa nimeichomeka flashi kinyume. Ilipokataa, nikasukuma. Nilikuwa na haraka.

Ningeweza kunyamaza, maana fundi alishanipa kisingizio. Nilimwambia Everlyne.

"Basi fungua," akasema. "Mimi nitashika tochi."

Nikachomoa waya wa umeme, nikagusa chuma cha kasha kwanza kama nilivyosoma, nikalegeza skrubu kwa bisbisi ya jirani mshonaji. Tukapiga magoti chini ya meza, mtu na mwenzake, tukipiga chafya kwa vumbi. Kutoka tundu la mbele kulikuwa na waya ulioingia kwenye motherboard. Nikaushika kwenye kichwa chake. Nikauvuta ili tundu bovu litengwe. Ukatoka.

Nikarudisha umeme. Nikawasha.

Taa za kibodi zikawaka!

Everlyne alipiga kelele hadi muuza nyanya wa mlangoni akaingia mbio kuuliza nani tena amekufa. Tulicheka, kisha Everlyne akalia kidogo, nami nikamwacha alie.

Tundu la mbele halina kazi tena, lakini ya nyuma yote yamerudi. Picha zikaingia. Printa ikaanza kuunguruma. Kufikia saa kumi na nusu vijitabu vyote vya wasifu vilikuwa vimekunjwa na kufungwa kwa nailoni visilowe, na Everlyne akaondoka navyo amevikumbatia kama mtoto.

Baadaye fundi alipita. Akaona printa inafanya kazi, akasimama.

"Nani amekutengenezea?"

"Mimi."

Sijui kama nimewahi kulifurahia neno fupi hivyo. Akaomba nimwonyeshe. Nikamwonyesha, na kwa heshima yake, alisikiliza mpaka mwisho.

Sijageuka fundi kwa siku moja. Nimeng'oa waya mmoja tu. Lakini nimeung'oa kwa mkono wangu, na mama wa watu atasindikizwa kesho na picha zake.

Nyuma ya pazia la duka kuna kompyuta nyingine ambayo mume wangu alikuwa akiitengeneza alipougua. Nimeifunika kitambaa miaka yote hii, nikisema naitunza.

Jumatatu naifunua.