Lukonga Amepita

Baba,

Kwa niaba ya ukoo wote, na kwa masikitiko makubwa, ninakutangazia kifo cha jogoo wako mwenye jicho moja. Alifariki Jumapili asubuhi, hapa Kasongo, kwa kisu changu. Marehemu alikuwa mgumu. Tulimchemsha mpaka kuni zikaisha.

Alikufa kwa ajili yako. Tulikuwa tunaondoa matanga yako, na mgeni mkubwa alikuwa Baba Shukuru, jirani yetu wa zamani kule Kabambare. Ndiyo, yuleyule. Nilimwalika mwenyewe. Mama alidhani nimeokoka.

Lukonga lilikuwa jina la babu, mgawaji wa nyama ya mtego, ambaye hakumpunja hata mjane; wewe ukalirithi, nami nikalipata kwako. Kisha wakaja wakwe wa dada Zawadi, firigisi ya mkwe mkubwa ikakosekana kwenye sahani, na Baba Shukuru akasema, midomo ikimeremeta mafuta: "Lukonga amepita." Watu wakacheka. Wenye pikipiki wakalibeba neno hilo mpaka Salamabila. Leo sukari ikiisha, Lukonga amepita. Simu ikiibwa sokoni, Lukonga amepita. Shuleni kalamu ikipotea, wanamwangalia mjukuu wako.

Na wewe siku ile ulikuwa unanawisha wageni, birika mkono huu, beseni mkono ule. Ungekula na mkono gani? Nilikuomba umjibu. Ukasema, "Mwanangu, mutu akikuchafulia jina, usilifue mbele ya wakwe." Ukanyamaza mpaka kaburini. Mimi sina kifua hicho. Nina tumbo tu, na unalijua.

Sasa nikueleze ilivyokuwa kweli, kabla mama hajaja kaburini kukuletea habari yake. Safari hii mkubwa wa meza alikuwa Baba Shukuru, firigisi ni haki yake. Niliingia jikoni, nikaitoa kwenye sufuria, nikaila ya moto, ikaniunguza ulimi. Nilitaka aitafute mbele ya watu. Akaitafuta. Akageuza paja, akainua bawa, wakwe wa Zawadi wakimtazama. Mwishoni akaitazama midomo yangu iliyomeremeta mafuta, akasema polepole:

"Leo Lukonga amepita kweli."

Watu wakaacha kutafuna. Ni Zawadi aliyemuuliza, kwa adabu kabisa: "Na ile siku ingine, Baba Shukuru?"

Aliomba maji ya kunawa. Nikamletea mwenyewe, Baba, birika mkono huu, beseni mkono ule, na sikuharakisha.

Pumzika sasa. Jogoo ajaye nitampa Baba Shukuru firigisi yake, ninakuahidi. Nitamkatia nusu.

Mwanao, Lukonga