Habari za direkte za Lusangi

Yaya Riziki,

Pokea salamu toka Lusangi, fasi wachimbaji wanakula sombe yenye muchanga na hakuna anayelalamika.

Hapa iko muzee moja, Papa Amisi, mwenye televizyo. Kila mangaribi anaonyesha habari za kituo chetu cha Kasongo na kuapa: "Ni direkte, wanasema sasa hivi!" Lakini mulangoni anatunyang'anya telefone zote, eti zinaharibu mawimbi. Mawimbi gani? Ndani ya parabole yake, ile sahani ya kunasa mawimbi, bibi yake anaanika mihogo, na kile kituo kilifungwa tungali shuleni. Tena jana, Jumanne, musemaji alitutakia Ijumaa njema, na wachimbaji wote wakamuitikia! Nikajua huyu anatuchezeshea kanda za zamani, na telefone anazificha ili tusione tarehe.

Nikasimama nimuumbue mbele ya watu. Pale pale ikatokea soko ya Kasongo, kisha Mama. Mama yetu, Yaya! Alikuwa nyuma ya chupa zake za mawese, anamufukuza mwenye kamera na kitambaa, anacheka kile kicheko tulichomuzika nacho.

Papa Amisi akaniuliza, "Umesimama, uko na neno?"

"Hapana, Papa," nikamujibu. "Ni direkte." Nikakaa.

Panda moto, pikipiki yoyote, ukuje, Yaya. Ukifika pale mulangoni, mupe telefone yako bila kumubishia.

Mudogo wako anayekupenda,
Saidi