Sauti Yako Ilipovuka Mpondwe

Baba,

Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu simu siiamini tena.

Kabla arobaini yako haijafika, sauti yako ilimpigia Mama Kavira, yule mteja wako wa kahawa. Alikuwa kwao Butembo, habari ya msiba haijamfikia. Sauti ikamwambia lori lako linamsubiri mpakani Mpondwe, apakie kahawa yake. Akapakia, maana miaka yote mlifanya kazi kwa neno la mdomo tu. Lori lile halikuwa lako, na halijaonekana tena.

Wezi waliichukua sauti yako kwenye kundi la simu la wachukuzi, pale ulipokuwa ukituma salamu za sauti kila asubuhi, wakaifundisha mashine kuwa wewe.

Mama Kavira alikuja kwetu Bwera na hasira zake. Alipomkuta Mama yuko edani, alikaa naye mkekani. Kisha akasema, "Ile sauti iliniambia tu pakia, pakia. Haikuniuliza hata batoto. Ningejua." Wakalia wote wawili.

Kweli, Baba. Hukuwahi kutaja mzigo kabla ya kuuliza hali za watu, kwa Kiswahili cha kwao Butembo: "Batoto beko aye? Na mama mukubwa, mugongo?" Chai ilipoa mezani ukiuliza, nami nikikereka.

Sasa Mpondwe yote inafanya kama wewe. Anayepiga simu akianza na mzigo, anakatiwa. Wapakiaji wamegeuza utani: "Kama uko mutu, niulize kwanza mbuzi yangu iko aye." Nilicheka, halafu nikasimama nyuma ya malori nikalia, kwa sababu najua mashine itajifunza kuuliza hata mbuzi.

Juzi Mama aliniomba nimfungulie sauti yako. Nilishika simu, nikashindwa. Ile uliyonitumia nikiwa shuleni Kasese, "Umekula, mwanangu?", nayo sasa naisikiliza kama askari anayekagua mizigo. Hicho ndicho walichoniibia mimi.

Eda ikiisha, mimi na Mama tutavuka kwa miguu hadi kwa Mama Kavira. Kahawa yake siwezi kuirudisha. Lakini naahidi nitamuuliza watoto wake mmoja mmoja, kwa majina, na nitangoja kila jibu, hata chai ipoe.

Sauti yako sijaifuta. Siku nitakapoweza kuisikia bila kuikagua, nitamfungulia Mama.

Lala salama, Baba. Nimekula.

Binti yako,
Zaitun